Trela ya hema inasumbua? Soma dalili kabla hujampigia fundi

Nianze na hili manake ndo kubwa kuliko yote: hizi trela za kukunja, zile ambazo ukifika kambini unazungusha mkono wa winchi paa linapanda halafu unavuta vitanda huku na huku hema linajitandaza, haziharibiki barabarani, zinaharibika nyumbani. Huku kwetu pwani, Mombasa, trela inaweza kwenda Tsavo ikarudi salama salmini halafu ikafia chini ya mwembe Bamburi, imefunikwa vizuri na turubai, mwenyewe ukidhani umeitunza. Chumvi iko hewani, joto lipo, unyevu ndo usiseme, na kitu kilichokunjwa hakipumui. Dalili nyingi ntakazozitaja hapa ukifuata chanzo chake unajikuta umerudi kwenye ile miezi ambayo trela ilikuwa imekaa tu.

Yangu ni mtumba, asili yake Australia, niliinunua kwa mgeni mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Makosa karibu yote yaliyomo humu nimeyafanya mimi au nimemtazama shemeji yangu akiyafanya nikanyamaza, kwa hivyo usione kama nakupa darasa.

Kabla hujatoa pesa

Ukienda kuiona, anza na pua. Mwache muuzaji aifungue yeye, na paa likishapanda tu ingiza kichwa ndani kabla upepo haujapita. Ile harufu ya kabati lililofungwa tangu masika ni koga, na koga ikishaingia kwenye godoro na kwenye nyuzi za hema utaosha mpaka uchoke. Akikwambia "iko fiti ila leo nafasi ndogo hatuwezi kuifungua," mshukuru, rudi siku nafasi ikiwa kubwa. Na ifunguliwe yote mpaka vitanda, ifungwe, ifunguliwe tena, manake kuna trela zinapanda mara moja tu kwa vile mtu alizimwagia mafuta asubuhi kabla hujafika.

Halafu kidole gumba. Bonyeza sakafu kwenye pembe zote nne na pale mlangoni, bonyeza mbao za chini ya vitanda, bonyeza kingo za paa. Pakibonyea kama boflo mbao ishaoza. Pasipobonyea usifurahi haraka, gonga kwa mpini wa bisibisi, manake mchwa wa huku wana adabu mbaya, wanakula ndani wanakuachia ngozi ya juu, na mlio wa mbao iliyoliwa ni wa debe.

Kisha lala chini utazame chuma. Kutu ya rangi ya chai, ya juu juu, si neno, ni ya kusugua na kupaka rangi. Kutu inayobanduka maganda kama kitunguu, hasa pale ekseli inapofungwa na pale mdomo wa trela unapoungana na chasisi, hiyo ni kazi ya welda na mimi binafsi naondoka.

Ilikotengenezwa nayo ina maneno. Za Australia, Afrika Kusini na Uingereza zinatoka nchi zinazoendesha kushoto kama sisi, kwa hivyo mlango uko kushoto, upande wa nje ya barabara. Za Marekani mlango uko kulia, yaani ukisimama kando ya barabara ya Nairobi mtoto akifungua mlango anashukia kwenye malori. Tena za Marekani umeme wake wa ukutani ni volti 120, ukichomeka kwenye 240 zetu unachoma chaja na kila kitu kwa sekunde moja, ingawa taa na pampu za volti 12 hazina shida. Za Uingereza nyingi hazina winchi, unazifungua kwa mkono kama sanduku, ni nyepesi, lakini matairi yake madogo na tumbo liko chini, ni trela za lami, usizipeleke kwenye murram ukaanza kulia. Na uulize karatasi: trela inasajiliwa peke yake, ina logbook yake na namba yake inayoanza na Z, ukiambiwa "inatumia namba ya gari" kuna kitu hapo.

Vifaa sitavimaliza. Ila usitoke bila pima maji ya fundi mwashi, mbao mbili tatu za kuweka chini ya tairi, kabari mbili za kuzuia gurudumu, sprei ya silikoni, mita ya kupimia umeme, tairi la akiba la trela yenyewe pamoja na spana inayoingia kwenye nati zake, na jeki inayofika, manake jeki ya gari dogo mara nyingi haifiki. Sa vingine vyote, sufuria na feni na taa za urembo, ni wewe na mkeo.

Paa linapanda upande mmoja

Hii ndo dalili inayotisha watu zaidi na mara nyingi haina hata gharama. Elewa kwanza inavofanya kazi. Winchi inavuta waya mmoja mnene wa chuma unaopita chini ya sakafu, huo waya unavuta kapi, kapi inagawanya nguvu kwenda pembe nne, na kila pembe kuna mlingoti unaoingia ndani ya mwenzake kama antena ya redio za zamani. Mtu aliyewahi kuona tanga la jahazi likipandishwa ataelewa upesi: pembe moja ikikwama, nguvu yote inahamia kwa zile tatu na kitu kinapinda.

Mara ya kwanza kunitokea ilikuwa Shimba Hills, jioni, ukungu unashuka, watoto wana njaa. Pembe ya nyuma kulia ilibaki chini kama kiganja hivi na nyingine zimeshapanda. Mimi nazungusha, shemeji yuko pale pembeni anainua kwa bega, "ongeza, ongeza," na mimi naongeza. Tukasikia kwaa, paa likaruka, shemeji akakaa chini kwenye nyasi anashika bega. Asubuhi kulipokucha ndo naona nimeegesha kwenye mteremko, tairi la kulia liko chini kuliko la kushoto kwa upana wa vidole vinne. Niliteremsha paa, nikasogeza trela ikapanda ubao, nikapandisha tena, likaenda juu taratibu kama lifti ya hoteli. Hakuna kilichokuwa kimeharibika, zaidi ya bega la mtu.

Kwa hivyo mpangilio wangu wa kutafuta chanzo ndo huu sasa. Kwanza pima maji, kushoto na kulia, kabla hata hujaitoa kwenye gari, manake ukishaitoa huwezi tena kuisogeza ipande ubao. Mbele na nyuma utasawazisha baadaye kwa gurudumu dogo la mdomoni. Halafu ile miguu minne ya pembeni iteremshe mpaka iguse ardhi na ikaze kidogo tu. Ile miguu si jeki, kazi yake ni kuzuia trela isitikisike mkitembea ndani, ukiitumia kuinua trela unapinda chasisi, na chasisi ikipinda dalili yake utaiona mlangoni: mlango haufungi, au unafunga juu chini unaacha mwanya. Watu wanapiga randa mlango wakati tatizo ni mguu.

Pili zunguka uangalie vibano vya paa, vyote. Kimoja tu ukikisahau paa litapinda na hutajua kwa nini, na usiseme wewe huwezi kusahau.

Kama iko sawa na vibano viko wazi na bado pembe inachelewa, sikiliza. Ikikwama halafu ikaruka kwa mlio wa kukwaruza, ni kutu au mchanga ndani ya mlingoti. Pandisha yote, futa milingoti kwa kitambaa kikavu, pulizia silikoni, teremsha, pandisha, mara tano sita. Usipake grisi wala mafuta ya injini pale, mchanga wa Diani ukikutana na mafuta unakuwa msasa. Ikichelewa kwa kipimo kile kile kila siku bila mlio wowote, waya wa pembe hiyo umelegea, na aina nyingi zina nati ya kukaza huko chini. Na ukizungusha winchi ikawa nyepesi ghafla na hakuna kinachopanda, simama hapo hapo, waya umekatika au umeruka kwenye kapi yake. Nyuzi za waya zikichomoza kama ndevu za paka badilisha waya zote kwa pamoja, zina umri mmoja na zimekaa kwenye chumvi ile ile.

Na haya yote usiyafanye ukiwa umeingiza mwili chini ya paa lililoshikiliwa na winchi peke yake. Kata mbao nne za urefu wa paa likiwa juu, zisimamishe pembeni kwanza. Hizo mbao mimi natembea nazo kila safari.

Paa linateremka lenyewe

Hapa lazima niungame. Winchi nyingi za hizi trela zina breki ya ndani, visahani vinavyobanana, ndo maana ukipandisha inafanya tik tik tik na ukiachia mkono paa linabaki pale lilipo. Visahani hivyo vinataka vikae vikavu. Mimi nlipoinunua nikaona winchi ina kutu nikasema hapa ni grisi, nikaipaka mpaka ikametameta, grisi ile ya beringi, nikajisifu. Jioni napandisha paa, nikaachia mkono nipanguse jasho, mkono wa winchi ukaanza kuzunguka kinyume, kwanza polepole halafu kama feni, ukanigonga kifundo cha mkono nikaona nyota mchana. Paa likashuka lote. Alhamdulillahi hapakuwa na mtoto ndani.

Meno ya winchi ndo yanataka grisi, kidogo, breki haitaki kitu. Ukishavichafua visahani, kusafisha ni kubahatisha, badilisha. Na kama hukupaka kitu na bado paa linateremka polepole usiku kucha, visahani vimeisha, au umepakia uzito juu ya paa. Baiskeli na masanduku kule juu vitolewe kabla hujazungusha.

Maji yanaingia, au pengine hayaingii

Kabla hujasema hema linavuja uliza kulinyesha? Ukiamka godoro limelowa upande wa hema na nje hapajanyesha hata tone, hayo ni pumzi zenu. Watu wanne wamelala, madirisha yamefungwa kwa kuogopa mbu, ukuta wa hema ni baridi, mvuke unaganda. Shimba Hills ni kawaida, Voi usiku wa mwezi wa saba vile vile. Acha wavu wazi pande mbili zinazoelekeana hewa ipite, basi.

Kama ni mvua kweli, tafuta maji yanakoingilia, si yanakodondokea, manake maji yanatembea na fremu ya paa hata mita moja ndo yadondoke. Njia yangu: mtu mmoja ndani na tochi, mwingine nje na mpira wa maji, mnaanza chini, mnanyesha sehemu moja dakika kadhaa, mnapanda pole pole. Mkianzia juu kila kitu kinalowa na hamjui kipi ni kipi. Kwenye paa mashaka yangu ya kwanza ni pale palipotobolewa: kidirisha cha hewa, skrubu za reli, maungio ya pembeni. Toa ile gundi ya zamani yote kabla hujaweka mpya, silikoni mpya haishiki juu ya silikoni kuukuu, itakaa wiki mbili ibanduke. Mafundi wa majahazi wanapotia kalafati wanakwangua ufa mpaka uwe safi ndo wanaingiza pamba na mafuta, hapa ni kanuni ile ile, haraka haisaidii.

Hema la pamba likiwa jipya au limeshonwa upya linaweza kuvuja kwenye matundu ya sindano na si ugonjwa. Lilowesheni chapachapa, liacheni likauke juani, rudieni mara mbili tatu, uzi unavimba unaziba matundu. Nimeona mtu amelipeleka kwa fundi wa viti vya matatu akaongeze mshono juu ya mshono, akaongeza matundu.

Madoa meusi

Madoadoa meusi kwenye kona na mikunjo ni koga na chanzo ni kimoja tu, ulikunja hema likiwa na unyevu. Si lazima mvua, hata umande wa alfajiri unatosha. Sa ingine huna budi, lazima utoke kambini kabla jua halijawaka, sawa, lakini ukifika nyumbani ifungue siku hiyo hiyo au kesho yake, sio "wikendi ijayo". Mimi nlisema wikendi ijayo, kukaingia msiba, kukaingia kazi, wiki ya tatu ndo nafungua, nikakuta ramani ya Afrika.

Brashi laini, maji ya vuguvugu, sabuni ya mche kidogo, halafu siki nyeupe na maji uache ikae, suuza, anika mpaka ikauke kabisa. Jiki usitie. Inang'arisha leo, kesho uzi unakatika kwa kidole na ile dawa ya kuzuia maji imetoka. Doa lenyewe huenda lisitoke lote, haidhuru, kikubwa koga ife. Baada ya kukauka paka dawa ya kuzuia maji ya turubai upya. Na ukitoka ufukweni suuza yote kwa maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, hema, milingoti, chini ya chasisi, hata kama hukugusa bahari. Kusi ikivuma inakuletea bahari mpaka mlangoni.

Trela inayumba barabarani

Unatoka Mariakani, uko themanini, lori linakupita, trela inaanza kutikisa mkia na mkia unatikisa gari. Dawa ya papo hapo: toa mguu kwenye mafuta, shika usukani sawa, usikanyage breki kwa nguvu, usiongeze mwendo kujaribu kuinyoosha. Itatulia. Halafu simama mahali salama na uchunguze mzigo, manake mara nyingi kosa liko hapo. Uzito umekaa nyuma ya ekseli: jerikeni za maji, friji ya barafu, jenereta, umeviweka nyuma kwa sababu ndo kuna nafasi. Pua ya trela ikawa nyepesi.

Kipimo cha kukumbuka ni asilimia kama 10 ya uzito wote wa trela ikae kwenye tobaa, kile chuma cha nyuma ya gari cha kuvutia trela (tobaa ya gari, si ya kutubu, ingawa inafuatana), Waingereza wanaridhika na 5 hadi 7. Trela yako ikiwa kilo 900 na mizigo basi pua iwe kama kilo 90, na uhakikishe tobaa ya gari lako inaruhusu huo uzito. Unapima kwa mizani ya bafuni: weka trela mahali tambarare, mizani chini ya mdomo na kipande cha mbao juu yake kifike urefu ule ule wa tobaa, soma. Mizigo mizito weka juu ya ekseli au mbele yake kidogo, chini sakafuni, sio kabatini.

Ukishapanga na bado inayumba angalia upepo wa matairi, na kama pua ya trela imeelekea juu kuliko mkia basi tobaa iko juu mno. Na kama badala ya kuyumba inagonga, kla kla kila ukikanyaga breki, pima gololi ya tobaa. Za Australia na Ulaya ni milimita 50, za Marekani mara nyingi ni inchi 2 au inchi 1 na 7/8. Gololi ndogo kwenye kikombe kikubwa cha mdomo wa trela inakaa tu kwa hisani, shimo moja baya ikachomoka. Mnyororo wa usalama ufunge hata kama unaenda Nyali tu.

Gurudumu la moto

Kila nikisimama, Mackinnon Road au Maungu kunywa chai, kabla ya chai naweka mgongo wa mkono karibu na habu za trela, vile vitovu vya magurudumu, kushoto na kulia. Uvuguvugu ni sawa. Moja ikiwa moto sana kuliko mwenzake, beringi imekauka au imekazwa kupita kiasi, au kama trela ina breki basi inaburuta. Ukiendelea utasikia mvumo, halafu harufu, halafu gurudumu litakupita, wallahi nimeshaliona moja likielekea porini peke yake na gari bado linakwenda.

Beringi zifunguliwe kila mwaka, zioshwe, zijazwe grisi mpya, na sili mpya ya nyuma. Ikiwa uliingiza trela kwenye maji ya chumvi usingoje mwaka, fanya wiki hiyo. Wakati wa kukaza nati kubwa, kaza huku ukizungusha gurudumu ili beringi zikae, halafu legeza, halafu kaza kwa vidole tu, tia pini. Mafundi wetu wamezoea kukaza kila kitu kwa hasira, msimamie.

Matairi ya trela yanakufa kwa uzee kabla ya kuisha meno. Tafuta ubavuni namba nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Likipita miaka sita hivi na limekaa juani, mimi sitoki nalo hata likiwa linang'aa.

Na kwa wa upande wa Likoni: maji yakipwa ile njia ya kuingilia feri inakuwa mteremko mkali, mkia wa trela unakwangua na miguu ya nyuma inapinda. Pita maji yakijaa au zunguka kwa barabara ya Dongo Kundu uwe na amani.

Taa zinachanganyikiwa

Ukikanyaga breki taa zote zinawaka hafifu, au indiketa ya kushoto inawasha na ya kulia, usibadilishe balbu, ni athi, yaani waya unaorudisha umeme kwenye chasisi. Waya mweupe kwenye trela nyingi, umefungwa na skrubu kwenye chasisi na pale pana kutu. Kwangua mpaka uone chuma cheupe, funga, paka vaselini. Taa moja tu ikizima, ndo balbu au soketi yake imeota kijani. Fungua na plagi yenyewe, vile vipini huku vinaota kijani kwa mwezi mmoja usipovifunika.

Ya Marekani ina mambo yake: balbu moja nyekundu ndo breki na ndo indiketa, wakati magari yetu ya Japani yametenganisha. Ukiunganisha waya kwa waya, ukikanyaga breki indiketa inapotea. Kuna kiboksi cha kugeuza, kinauzwa, fundi umeme anayejua atakifunga kwa dakika chache.

Friji, betri, gesi

Friji ya njia tatu, ile ya gesi, volti 12 au umeme wa ukutani, isipopoa, pima maji tena. Hizi hazina kompresa, zinategemea kimiminika kushuka chenyewe, zikiinama hazifanyi kazi. Iwashe usiku wa kuamkia safari, na hakikisha matundu yake ya nyuma hayajazibwa na nyigu, wanapenda kujenga humo. Hata hivyo kwa joto la mwezi wa pili na wa tatu usitarajie barafu. Na usiiache kwenye volti 12 gari likiwa limezimwa, itakumaliza betri kabla ya chakula cha usiku.

Betri yenyewe ipime ikiwa imepumzika: 12.6 imejaa, 12.2 iko nusu, usiishushe zaidi ya hapo kama ni ya asidi. Ikifa mapema tena na tena uliiacha bila chaji miezi mitatu nyumbani, tumerudi kule kule.

Gesi ikinuka usitafute kwa kiberiti, paka povu la sabuni kwenye maungio, panapotoa mapovu ndo hapo. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, inalala sakafuni mliko, kwa hivyo toka wote, funga mtungi, fungua sehemu za chini gesi itoke. Regyuleta ya Marekani haiingii kwenye mitungi yetu, nunua ya hapa na mpira mpya, usiunge kwa tepu. Jiko la makaa ndani ya hema hapana, hata mvua inyeshe vipi, ile hewa ya makaa haina harufu na mtu anaondoka usingizini.

Zipu na matundu ya ajabu

Zipu ngumu ni chumvi, brashi ya meno na maji, ikikauka isugue na mshumaa. Tundu lenye kingo zilizotafunwa ni panya, amelifanya nyumbani. Tundu lililochanwa wima karibu na zipu Diani ni tumbili, ameona ndizi, na wengine hata hawachani, wanavuta zipu kama mtu. Chakula kiwe garini. Tsavo matunda yafungie kabisa, ndovu akinusa machungwa hema lako kwake ni mfuko tu.

Mimi sasa kila mwezi Jumapili moja asubuhi naifungua pale uani, naiacha wazi mpaka adhuhuri. Watoto wa jirani wanaingia wanarukaruka vitandani, nami nazunguka na sprei yangu na kidole gumba. Mwezi uliopita nilikuta mayai mawili ya mjusi kafiri ndani ya tundu la mkono wa winchi, ikabidi nisubiri yaanguliwe.